Besi inakatwa wapi? Marshall, Mesa, Soldano na 5150 kwa mpiga metali

Swali: Fundi, habari ya kazi. Sisi ni bendi ya metali hapa Nairobi: magita mawili, besi na ngoma, nyuzi tumezilegeza hadi C ya chini. Studio tunakofanyia mazoezi ina amplifaya ya Mesa/Boogie Dual Rectifier. Nikipiga peke yangu inanguruma vizuri ajabu, lakini ngoma na besi zikiingia, gita langu linamezwa. Mwenzangu ana Marshall JCM800 na kila noti yake inasikika. Sasa dada yangu anarudi kutoka Marekani na amekubali kuniletea kichwa kimoja cha valvu (amplifaya isiyo na spika) kilichotumika. Ninafikiria JCM800, Rectifier yangu mwenyewe, au Peavey 5150. Ipi inafaa zaidi kwa metali? Na hili la kumezwa ni kosa la mashine ya studio au langu?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Mikono yako usiilaumu, na ile Rectifier ya studio pia huenda ni nzima kabisa. Kwa muziki mnaopiga, mwambie dada atafute 5150, au 6505 ambayo ni mashine ileile kwa jina jingine. Lakini ukiipokea kabla hujaelewa kwa nini Rectifier inakumeza, utaitega 5150 vilevile na utamezwa tena. Kwa hiyo nivumilie nianze na besi, yaani masafa ya chini ya sauti, si gita la besi.

Piga C na G pamoja kwenye nyuzi nzito mlizolegeza. C hiyo ina hezi 65 hivi, yaani mitetemo 65 kwa sekunde, G ina 98. Sauti safi ingetoa noti hizo mbili na harmoniki zake tu, zile sauti za juu zinazofuatana na kila noti. Mkwaruzo, yaani distortion, haufanyi hivyo. Unapoyabana mawimbi mawili ndani ya valvu iliyolemewa, ile taa ya kioo inayokuza ishara ya gita, zinazaliwa sauti mpya: jumla ya noti hizo, na tofauti yake. 98 ukitoa 65 unapata 33, nayo ndiyo C ya mpiga besi wenu, oktava nzima chini ya yako. Hukuipiga wewe, lakini imo ndani ya gita lako, inasukumana na besi na ngoma kubwa. Ukiwa peke yako chumbani unaisikia kama unene na unaipenda. Bendi ikiingia, sehemu hiyo ina wenyewe tayari, na kinachobaki cha gita lako ni vumbi la juu na ukungu wa chini.

Ndiyo maana swali ninalomuuliza kila mtu anayelinganisha amplifaya za geini kubwa, yaani zinazoikuza ishara sana, ni hili: besi inakatwa wapi? Ikipunguzwa kabla ya mkwaruzo, rifu (kipande cha gita kinachorudiwarudiwa) inakuwa kavu na ngumu, na ukizima nyuzi kwa kiganja kila pigo linatoka peke yake. Ikiachwa ipite nzima ndani ya mkwaruzo, sauti inatibuka, na nobu ya besi iliyo mwishoni haiwezi kuisafisha tena. Kinyume chake, besi iliyopunguzwa mwanzoni inaweza kurudishwa baada ya mkwaruzo, na hapo gita linanenepa bila kutibuka. Karibu kila tofauti unayoisikia kati ya mashine ulizozitaja imejificha hapo.

Ukiifungua yoyote kati yake utakuta balbu ndogo za 12AX7, ambazo Ulaya huitwa ECC83. Kila balbu ina valvu mbili ndani yake, na kila valvu, ikiwa ndani ya saketi, inaweza kuikuza ishara mara hamsini au zaidi. Amplifaya ya geini kubwa ni msururu wa hatua za namna hiyo, moja ikiimwagia nyingine mpaka ishara inagonga dari. Kati ya hatua na hatua kuna kapasita na rizista zinazoamua masafa gani yapite. Tabia ya mashine inaumbwa na vitu hivi vidogo vya bei ya chini zaidi kuliko jina lililoandikwa mbele.

Marshall ya mwenzako ni rahisi kuieleza. Ile ya wati 100, modeli 2203, ilianza kutengenezwa mwaka 1975, ikavaa jina la JCM800 mwaka 1981. Ina hatua tatu za kukuza kabla ya nobu za besi, midi (masafa ya kati) na trebo (masafa ya juu). Hatua ya kwanza ina kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.68 kwenye kathodi, mguu wa valvu unaotoa elektroni; kapasita hiyo huinyima besi sehemu ya nguvu wanayopewa wenzake. Hatua ya pili ina rizista ya kilo-omu 10 bila kapasita yoyote, hivyo valvu inafanya kazi ikiwa baridi, yaani kwa mkondo mdogo wa umeme, na inakata upande mmoja wa wimbi mapema kuliko mwingine. Kutoka hapo unapata ile sauti ya kufoka, yenye midi nyingi na ncha kali. Katika bendi, masafa kati ya hezi 500 na 1,500 hivi hayana mwenyewe mkubwa zaidi ya sauti ya mwimbaji, na Marshall inakaa hapohapo. Mwenzako anasikika kwa sababu hiyo, wala hahitaji kuongeza voliumu.

Upungufu wa 2203 ni kwamba kwa viwango vya leo geini yake ni ya wastani. Kerry King wa Slayer na Zakk Wylde waliitumia miaka mingi, lakini si gita na waya tu: kulikuwa na kifaa mbele kinachoisukuma. Ukiipiga bila msaada, itakupa roki nzito nzuri sana, ila kwa rifu za kasi za C ya chini utajikuta unatafuta kitu ambacho hakimo.

Mesa/Boogie wana historia mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya Mark, iliyoanza pale Randall Smith wa California alipozitia amplifaya ndogo za Fender nguvu zisizo za kawaida, kisha akaanza kupanga hatua za kukuza moja nyuma ya nyingine. Kilele cha ukoo huo kwa wapiga metali ni Mark IIC+ ya katikati ya miaka ya 1980, ile iliyo kwenye magita ya James Hetfield katika albamu ya Master of Puppets ya Metallica, iliyotoka mwaka 1986. Sikiliza zile rifu za mpigo wa chini tu: zimekaza kiasi kwamba unaweza kuzihesabu.

Siri yake ninaipenda kuliko zote katika fani hii. Kwenye Mark, nobu za besi, midi na trebo zimewekwa mwanzoni, kabla ya mkwaruzo mkubwa. Kwa hiyo nobu ya besi haikuulizi unataka besi kiasi gani kwenye spika. Inakuuliza unataka besi kiasi gani iingie kwenye kinu. Anayeijua mashine hii huishusha besi karibu na sifuri, anapandisha trebo ili ndiyo iilemee valvu, halafu huko mwisho kabisa, baada ya mkwaruzo, anairudisha besi kwa ekwalaiza ya vidole vitano: hezi 80, 240, 750, 2,200 na 6,600. Kidole cha 80 juu, cha 750 chini, umbo la V. Besi unayoisikia pale ni safi kwa sababu haijapita kwenye mkwaruzo. Mtu asiyejua anaikuta Mark dukani, anaweka nobu zote katikati kama alivyozoea kwenye mashine nyingine, anasikia tope, anaondoka akisema haina sifa inazopewa. Nimelisikia lawama hilo mara nyingi na linaniuma, maana mashine yenyewe haikuulizwa kwa lugha yake.

Kwa nini basi sikupendekezei Mark? Bei ya zile za zamani ni ya wakusanyaji, na ina nobu na swichi nyingi zinazoathiriana. Ukipata nafasi ya kuipiga, ipige.

Historia ya pili ya Mesa ni Rectifier, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hii ndiyo inayokusumbua. Jina lake linatokana na sehemu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Swichi iliyo nyuma inakuruhusu kuchagua: valvu, ambazo mzigo ukizidi volti hushuka kidogo na mpigo unakuwa laini, au dayodi za silikoni, ambazo hazitikisiki. Kwa rifu za kasi, chagua dayodi. Tofauti yake haiwi kubwa mpaka upige kwa sauti ya juu, lakini nyie mnapiga kwa sauti ya juu.

Kubwa zaidi liko kwenye modi inayoitwa Modern. Amplifaya nyingi za aina hii huchukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka kwenye transfoma ya spika na kuirudisha nyuma, ili sehemu ya mwisho ya mashine ijirekebishe na iishike spika isiyumbe. Modern inakata mrejesho huo. Spika inaachiwa: besi inavimba pale spika na boksi lake vinapopenda kutetemeka, na trebo nayo inapanda. Ongeza kwamba Rectifier inaipitisha besi nyingi kwenye hatua zake za mwanzo. Hapo umeelewa kwa nini ukiwa peke yako unahisi ukuta unasogea, na bendi ikianza ukuta unatoweka. Bendi za Marekani za miaka ya 1990 zilizolegeza nyuzi sana na kupiga polepole zilitaka hasa mvimbo huo. Rifu ya polepole ina nafasi ya kupumua, besi inavimba na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Yako ni ya kasi, pigo la pili linafika kabla la kwanza halijatulia.

Kabla hujanunua chochote, wiki hii jaribu hivi pale studio. Toka Modern, nenda Vintage, ambako mrejesho unarudi. Shusha geini, wengi hudhani wanahitaji zaidi ya nusu, nami kwa Rectifier naanzia chini ya hapo. Besi iwe chini ya nusu, midi juu ya nusu, hata kama ukiwa peke yako unaona inakera. Halafu azima pedali ya Ibanez Tube Screamer au yoyote ya ukoo wake, uiweke mbele ya amplifaya, nobu ya mkwaruzo iwe sifuri na ya kiwango iwe juu. Pedali ile huinua midi na kuiacha besi nyuma, kwa hiyo inafanya kabla ya valvu ya kwanza kile ambacho Mark inafanya kwa nobu zake. Hapo iache bendi ianze. Usihukumu sauti hiyo mpaka ngoma ziwepo.

Nije kwa 5150, lakini lazima nipitie Soldano. Mike Soldano alianza kuuza SLO-100 mwaka 1987: wati 100, hatua nyingi za kukuza, na kati yake ile hatua baridi kama ya Marshall iliyosukumwa mbali zaidi, rizista ya kilo-omu 39 mahali pa 10. Eric Clapton na Mark Knopfler walikuwa miongoni mwa walioichukua mapema, jambo linalowashangaza wanaodhani ni mashine ya metali. Ni kwa sababu mkwaruzo wake ni mnene lakini hauna mchanga, noti moja inaimba na kukaa. Ukiangalia michoro ya saketi, kanali nzito za Rectifier na 5150 zinafuata njia iliyopitwa na SLO, kila moja kwa namna yake. Kwa solo, mimi hakuna ninayoiweka juu ya Soldano. Ni ghali, na hiyo ndiyo sababu pekee haimo kwenye ushauri wangu kwako.

Peavey 5150 ilitoka mwaka 1992, ikibeba jina la studio ya nyumbani ya Eddie Van Halen, aliyeisaidia kampuni kuipata sauti hiyo. Mhandisi wake aliitwa James Brown. Van Halen alipoondoka na jina lake, Peavey wakaiita 6505, na yeye akatoa 5150 III chini ya chapa yake ya EVH, ambayo ni mashine tofauti. Mpiga roki aliyetaka solo za kung'ara ndiye aliyeizaa, lakini walioinyakua ni wapiga metali wa Ulaya na Marekani. Ina wati 120, valvu nne za 6L6 nyuma na balbu tano za 12AX7 mbele. Geini ni nyingi kupita mahitaji ya mtu yeyote. Nobu ikifika nusu umeshapita unachohitaji. Sehemu yake ya mwisho imetegwa baridi kiwandani, jambo ambalo wengine hulirekebisha. Mimi nasema liache kwanza, kwa sababu ubaridi huo ni sehemu ya ugumu na ukavu ulioipa sifa. Mpigo wake una uso mkali, ile chembechembe ya juu inayofanya kila mguso wa plektra usikike. Kisha kuna nobu iliyoandikwa Resonance, inayoongeza mtetemo wa chini katika sehemu ya mwisho, baada ya mkwaruzo. Ndiyo besi unayoitaka: inayorudi ikiwa safi. Anza nayo nusu.

Udhaifu wake useme wazi. Sauti safi ya 5150 ya kwanza ni duni, na kanali zote mbili zinatumia nobu zilezile za besi, midi na trebo. Ikiwa nyimbo zenu zina sehemu nyingi tulivu, tafuta 5150 II au 6505+, ambazo kila kanali ina nobu zake. Na ina kelele ya chini chini ukisimamisha mkono. Utahitaji pedali ya kuzima kelele.

Kuna sababu nyingine ya kukuelekeza huko: mwenzako tayari ana Marshall. Magita mawili yenye sauti moja yanashindania nafasi moja. Yeye akikaa na midi yake ya kufoka, wewe ukakaa na mpigo mkavu wa 5150 wenye chini safi, kila mmoja atasikika bila kugusa voliumu. Mwenzako angekuwa na 5150, ningekushauri JCM800.

Utasikia watu wakibishana kuhusu valvu kubwa za nyuma, EL34 za Marshall na 6L6 za Kimarekani, kana kwamba ndizo zinazoamua kila kitu. Tofauti ipo, EL34 huelekea midi na 6L6 huwa pana chini, lakini kwenye mashine hizi karibu mkwaruzo wote unatokea mbele, kwenye balbu ndogo. Fedha unayotaka kuitumia kwa valvu adimu za nyuma, itumie kwa spika. Celestion Vintage 30 na G12T-75 kwenye boksi la spika nne zitaibadilisha amplifaya ileile kuliko badiliko lolote la valvu: ya kwanza inasukuma midi za juu mbele, ya pili inazirudisha nyuma na kuacha chini na juu. Kwa mtu anayemezwa, Vintage 30.

Na zile video za kulinganisha, ambamo kila amplifaya imewekewa nobu zote saa sita, usizitegemee. Saa sita ya Mark inatia besi ndani ya mkwaruzo, saa sita ya Marshall inafanya kazi nje yake. Namba ni ileile, kazi si ileile. Linganisha kila mashine ikiwa imetegwa na mtu anayeijua.

Sasa mambo ya dada. Mashine zilizouzwa Marekani ni za volti 120, hezi 60. Kenya ni 240 na 50. Usiichomeke ukutani ikifika. Usitegemee kwamba nyuma kuna swichi ya kubadilisha volti. Fundi aifungue aone kama transfoma yake ina waya za 240. Kama hazimo, tumia transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 120, ya wati 1,000 kwa usalama, kwa kuwa transfoma ya hezi 60 ikiendeshwa kwa 50 huchemka zaidi na haina haja ya kubanwa na nyingine iliyo ndogo. Umeme wenu ukipanda na kushuka, weka stabilaiza mbele ya vyote, maana nyuzi za moto ndani ya valvu zimepimiwa volti 6.3 na hazipendi kuyumbishwa.

Kichwa cha namna hii kina uzito wa kilo 20 na kitu, kwa hiyo aulize shirika la ndege mapema. Valvu zote zichomolewe, kila moja iandikwe mahali pake, izungushiwe sponji na isafiri kwenye begi la mkononi. Kuzichomoa hakuhitaji kufungua chesisi. Chesisi asiiguse kabisa: kapasita za ndani hubaki na zaidi ya volti 400 hata waya ukiwa umeshatolewa ukutani, na volti hizo zinaua.

Siku ya kuiwasha, unganisha boksi la spika kwanza, waya uwe wa spika na si wa gita, na omu za nyuma ya kichwa zilingane na zilizoandikwa kwenye boksi. Kichwa cha valvu kikipigwa bila spika kinaweza kuichoma transfoma yake ya kutolea sauti, na hicho ndicho kipande kigumu zaidi kukipata hapa.